Mguu wa Chiriku Ukutani

Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko barazani, mbele ya nyumba yetu, karibu kabisa na barabara. Viatu vya mtaa huu vyote navijua. Najua nani anatembea upande, nani anaburuta miguu, na nani huleta kiatu leo akakikumbuka baada ya miaka miwili.

Naongea sana, nakubali. Lakini nyumbani kwangu wa kwanza kwa maneno si mimi. Wa kwanza ni binti yangu wa miaka mitano. Mtaa mzima unamwita Chiriku, kama yule ndege asiyefunga mdomo.

Kila siku saa sita mchana anatoka chekechea. Mimi humsikia kabla sijamwona.

"Baba! Leo ni wingu!"

"Kubwa au dogo?"

"Dogo. Lakini lina tumbo!"

Darasani kwao kuna ubao wa hewa. Kila asubuhi mtoto mmoja anakwenda dirishani. Anatazama juu, kisha anabandika picha ubaoni: jua, wingu, upepo au mvua. Mwalimu wao anafundisha kwa kufuata majira. Wakati wa upepo walitengeneza tiara za karatasi. Moja imenasa juu ya paa la ofisi mpaka leo. Majani yalipopukutika, waliyaokota na kuyapanga, makubwa kwa madogo. Wakati wa mavuno kila mtoto alipeleka mbegu kumi. Kumi kamili, na ole wako baba mtu ukitia tisa.

Sasa ulikuwa mwisho wa kiangazi. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, hata kwenye kikombe changu cha chai. Kila mtu alikuwa anangoja mvua, lakini hakuna aliyeingoja kama darasa la Chiriku. Walikwisha kukata chupa ya plastiki na kuichora mistari, ili wapime maji ya mvua. Walikwisha kujifunza wimbo. Wimbo wenyewe nilikuwa nao masikioni hata usingizini.

Siku moja Chiriku alikuja mbio, karatasi mkononi.

"Baba, soma!"

Nikafuta gundi vidoleni, nikasoma.

"Wazazi wapendwa. Sherehe yetu ya Mvua ya Kwanza itafanyika siku ya shule ambayo mvua itaanza kunyesha. Tarehe hatuijui, anaijua Mungu peke yake. Kila mtoto aje na mabuti ya mpira, koti la mvua, na mfuko wenye nguo kavu. Tafadhali, msiwafungie watoto ndani. Mwaka jana walikuja wanne tu."

"Soma tena," akasema Chiriku.

Nikasoma tena.

"Tena!"

"Chiriku, barua haibadiliki."

"Nitakwenda?"

Nikachukua nyundo. Nikagonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia zamani.

"Tutaona," nikasema.

Akanikazia macho. "Baba, ukisema tutaona, huwa hatuoni."

Kweli bwana, mtoto alikuwa amenipata. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ngumu: mvua ikinyesha, Chiriku hatoki. Shule au si shule, hatoki. Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, tunaishi naye. Yeye ndiye alikuwa askari wa sheria hiyo. Lakini aliyeiweka ni mimi.

Nitakuambia kwa nini. Chiriku alipokuwa na miezi minane, aliugua nimonia. Ilikuwa majira ya mvua. Alilala hospitali siku tisa. Usiku wa pili nilisimama pembeni ya kitanda chake, nikajiapiza kwamba mvua haitamgusa tena mtoto wangu. Tangu hapo, tone moja likianguka juu ya bati, mimi nafunga mlango.

Mtaani kwetu sikuwa peke yangu. Wazazi wengi walifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana Mwalimu alifanya sherehe ya mvua, na watu wakashindwa kuja kwa sababu ya mvua!

Asubuhi ya pili Chiriku alinishika mkono.

"Leo unanipeleka wewe. Nataka uone kitu."

Chekechea yao ni chumba kimoja kirefu chenye ukumbi mbele. Mwalimu alikuwa anafagia. Ni mwanamke mfupi, lakini sauti yake inafika barabarani. Chiriku akanivuta mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Palikuwa na karatasi kubwa sana. Juu yake kulikuwa na nyayo nne ndogo za matope, zimekauka. Chini ya kila unyayo kulikuwa na jina la mtoto.

"Huu wa mtoto wa mwenye duka," akasema Chiriku. "Huu wa yule mwenye pengo. Hawa wawili ni mapacha. Mimi sina mguu ukutani."

Hakulalamika. Alisema tu, kama mtu anayesoma ubao wa hewa. Afadhali angelia.

Mwalimu akaweka fagio chini.

"Karibu, Fundi. Mwaka jana niliandaa taulo ishirini na mbili. Nilipanga masufuria huku nje, wasikilize mvua inavyolia kwenye kila moja. Nikasimama pale mlangoni natazama barabara. Wakaja wanne."

"Pole, Mwalimu."

"Pole ya nini? Nilicheza na hao wanne mpaka tukachoka! Lakini hawa kumi na nane waliobaki wanaujua ukuta huu vizuri. Kila siku wananiuliza, Mwalimu, mwaka huu je?"

"Lakini kwani lazima wacheze nje? Si wangechora mvua tu hapa ndani?"

Akacheka. "Fundi, wewe ulijifunza kushona kiatu kwa kuchora kiatu?"

Nikaaga, nikaondoka.

Mchana ule akaja jirani yetu, Nesi. Anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na anafanya kazi kwenye zahanati. Alikuja na viatu vyake vyeupe vya kazini. Kimoja kilikuwa kimeachama mbele.

"Fundi, nasikia umemkatalia mtoto mvua."

"Nani kasema?"

"Chiriku. Ametangaza kuanzia dukani mpaka zahanati."

Nikashika kiatu, nikaanza kukipaka gundi. "Nesi, wewe yaliyonipata unayajua. Mvua ilitaka kunichukulia mtoto."

"Nayajua. Alikuwa anapumua haraka haraka, na kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Ulimkimbiza hospitali palepale, hukungoja kesho. Ndiyo maana leo anatangaza habari zetu mtaani. Lakini niambie kitu kimoja. Wiki ile, mtoto alinyeshewa?"

"Hata! Hakufika hata mlangoni."

"Mlimweka wapi?"

"Ndani. Tulifunga madirisha yote, baridi isiingie. Jiko la mkaa tukaliweka chumbani, apate joto. Mama alikuwa na kikohozi, kwa hiyo hakwenda popote. Alimpakata mchana kutwa."

Hapo nikasikia maneno yangu mwenyewe. Gundi ikanikaukia kidoleni.

"Mvua haikumgusa," akasema taratibu.

"Haikumgusa," nikasema.

"Basi sikiliza, Fundi. Hakuna mtu anayeweza kukuambia leo kwa hakika nimonia ile ilitoka wapi. Lakini mafua, kikohozi na nimonia huletwa na vijidudu. Vijidudu havidondoki na mvua. Vinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, na kwa mikono isiyooshwa. Sasa mvua ikinyesha, sisi tunafanya nini? Tunajibana chumba kimoja, tunafunga madirisha, tunakoholeana usoni. Halafu tunaleta na jiko la mkaa! Moshi wake unaumiza mapafu ya mtoto. Tena mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, hewa hiyo inaweza kuua watu wakiwa usingizini."

"Mungu wangu."

"Mmeruka kidimbwi, mkatua kwenye tope."

"Kwa hiyo mvua ni salama?"

"Sikusema hivyo. Mtoto akikaa na nguo mbichi muda mrefu, mwili unapoa, na hilo si jambo zuri. Kwa hiyo anacheza kidogo, anaingia ndani, anafutwa, anavaa nguo kavu, ananawa kwa sabuni, anakunywa kitu cha moto. Mkisikia ngurumo, wote ndani. Mnasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mtoke. Na maji ya mtaro hayachezewi. Yana uchafu na yanabeba mtoto. Basi."

"Na akianza kukohoa?"

"Kikohozi kidogo cha mafua hupita. Lakini akipumua haraka, au kifua kikibonyea, au akishindwa kunywa, mlete zahanati saa hiyohiyo. Kiwe kiangazi, iwe mvua. Na chanjo zake zote amepata?"

"Zote. Kadi iko kabatini."

"Safi. Sasa nipe kiatu changu, nimechelewa."

Nilipogeuka, nilimwona Mama amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Kitambaa cha kufutia vyombo kilikuwa mkononi mwake.

"Kumbe mjukuu wangu nilimwambukiza mimi?" akauliza.

Nesi akarudi ngazi mbili, akamshika bega. "Hapana, Mama, hilo hatulijui. Ulimpakata kwa sababu ulimpenda. Sasa umejua, utampenda na dirisha likiwa wazi."

Mama hakucheka. Lakini jioni ile alilibeba jiko la mkaa mwenyewe, akaliweka barazani, mbali na mlango.

Usiku nilizungumza na mke wangu. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anaondoka alfajiri. Nikamweleza maneno yote ya Nesi.

"Kwa hiyo anakwenda?" akauliza.

"Anakwenda."

"Basi mwambie wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kuulizwa."

Nilimwambia Chiriku asubuhi, akiwa anapiga mswaki. Lo! Povu lilifika ukutani. Alikimbia nje na mswaki mdomoni, akatangazia mtaa mzima. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, lakini wote walijibu, "Hongera!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mabuti! Nina kapu la viatu ambavyo wenyewe wamevisahau. Nikapindua kapu lote. Nikapata buti moja la mpira la njano, la kulia. Nikapata jingine la buluu, la kushoto. Yote mawili yalikuwa yametoboka. Nikayaziba kwa mpira wa tairi ya baiskeli, nikayajaza maji usiku kucha. Asubuhi chini pakavu.

"Yana rangi mbili, mwanangu. Unayataka?"

Chiriku alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka kuishi. "Baba! Wenzangu watakuwa na rangi moja tu!"

Mama yake akaleta kutoka kiwandani mfuko mkubwa wa nailoni wa unga, uliokwisha kuoshwa. Akakata tundu la kichwa na matundu ya mikono. Likawa koti la mvua. Mgongoni liliandikwa KILO HAMSINI. Tukaweka tayari mfuko wa nguo kavu: gauni, chupi, sweta, soksi na taulo. Tukauning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango.

Wateja wakaniuliza, "Fundi, hiyo nini?" Nami unanijua. Nikawaeleza yote: vijidudu, dirisha, jiko, ngurumo, mtaro. Wengine wakabisha. Dereva wa lori akaniambia, "Toka lini fundi viatu akawa daktari?" Nikamwambia amwulize Nesi. Akamwuliza, akarudi na mabuti ya watoto wake nizibe. Siku ya nne nilikuwa na mabuti kumi na moja barazani, yote yamejazwa maji, yamepangwa mstari. Mbwa wa jirani akadhani ni mwaliko, akanywa yote.

Mvua nayo ikaanza maringo. Jumatatu wingu lilikuja, likatutazama, likaenda zake. Jumanne upepo na vumbi. Jumatano Chiriku alilala amevaa mabuti. Alhamisi akamwuliza bibi yake kama mvua imesahau njia.

Ijumaa, kabla ya mapambazuko, nilisikia tone moja juu ya bati. Kisha la pili. Kisha bati lote likalia kwa pamoja.

"IMEKUJA!"

Sijui alivaa saa ngapi. Nilipofika sebuleni, Chiriku alikuwa amesimama katikati, buti la njano, buti la buluu, kilo hamsini mgongoni. Alikuwa anarukaruka. Mke wangu alikwisha kwenda kazini. Na mlangoni alikuwa amesimama Mama, mikono ameitandaza huku na huku.

"Hatoki mtu," akasema.

"Mama, si tulielewana?"

"Akili imeelewa, mwanangu. Moyo bado."

Nitasema ukweli. Na moyo wangu ulikuwa bado. Nilisikia mvua ile juu ya bati, nikaona kile kitanda cha hospitali. Nikamwona mwanangu mdogo anavuta pumzi kwa shida. Mkono wangu ukashika komeo la mlango, na sikujua unataka kufungua au kufunga.

Nikamtazama Chiriku. Alikuwa ameacha kuruka. Alikuwa amenyamaza. Chiriku, amenyamaza! Alikuwa ananitazama tu, anangoja niseme "tutaona".

"Tunakwenda," nikasema.

Palepale ikapiga ngurumo, glasi zikalia kabatini.

"Unaona?" akasema Mama.

"Naona. Tunasubiri nusu saa, kama alivyosema Nesi. Tukisikia nyingine, tunaanza upya."

Tukakaa kwenye kochi, macho kwenye saa ya ukutani. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Chiriku akahesabu mpaka mahali anapoweza, kisha akaanza tena na moja. Dakika ya ishirini na tano, mbali kabisa, ikasikika ngurumo nyingine.

"Hiyo si ngurumo!" akalia Chiriku. "Hiyo ni pipa limeanguka!"

"Ni ngurumo, mwanangu. Tunaanza tena."

Machozi yakamshuka. Lakini alikaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kochi, roho juu. Dakika kumi. Ishirini. Thelathini! Hakuna ngurumo. Ila sasa mlio wa bati ulikuwa umepungua.

"Baba, inaisha! Mvua inaisha!"

"Twende!"

Nikafungua mlango. Mama akasogea pembeni. Hakusema ndiyo, lakini alisogea. Tukatoka mbio, mkono kwa mkono, na mvua ikatupokea usoni. Chiriku akafungua mdomo, akaimeza. Nikapita mlangoni kwa dereva, nikagonga kwa ngumi.

"Leo ni leo! Ngurumo imekwisha! Toeni watoto!"

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!" akajibu dereva, na mlango ukafunguka. Wakatoka watoto wawili na mabuti niliyoziba jana. Nikagonga mlango wa pili, wa tatu, wa sita. Watoto wakazidi kutoka. Mmoja alivaa ndoo kichwani. Mmoja alikuwa juu ya mabega ya babu yake. Tulikwepa mtaro, tukapita katikati ya barabara, na wote wakaanza ule wimbo wao ambao ninauchukia na ambao asubuhi ile niliuimba kwa sauti kuliko wote:

"Tone la kwanza, njoo!
Tone la pili, njoo!
La tatu limekuja na ndugu zake,
Nasi tunao wetu, njoo!"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kama mwaka jana. Alikuwa anatazama barabara. Alipotuona, aliweka mkono mdomoni. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika kumi na tisa, sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Ingieni," akanong'ona. Kisha akakumbuka, akapiga ukelele. "Hapana! Msiingie! Tokeni nje wote!"

Ee bwana, kulikuwa na sherehe! Walikwenda kwanza kwenye chupa ya kupimia. Maji yalikuwa yamefika mstari wa tatu. Mtoto mwenye pengo akaenda kubandika picha ya mvua ubaoni, na wote wakapiga makofi. Wakasikiliza masufuria. Dogo lililia ti-ti-ti, kubwa likalia do-do-do. Wakatengeneza mashua za majani wakaziweka kwenye beseni, wakaona ipi inaelea na ipi inazama. Wakaruka kwenye kidimbwi kimoja alichokichagua Mwalimu, cha maji ya mvua tupu.

Kisha Mwalimu akatandika karatasi kubwa ukumbini. Mmoja mmoja walivua buti la kulia, wakakanyaga matope kwenye sinia, wakakanyaga karatasi. Zamu ya Chiriku ilipofika, alivua buti la njano. Akashusha mguu polepole sana. Akaubonyeza. Akauinua, akaangalia. Vidole vitano, vyote vipo.

"Baba," akasema, "huo ni mimi."

Nikafuta macho. Sema mvua ilikuwa imeniingia machoni.

"Haya, Fundi, na wewe!" akasema Mwalimu. "Vua viatu."

Nikaangalia chini. Nilikuwa peku. Kwa haraka ile, nilikuwa nimetoka nyumbani bila viatu! Watoto wakaangua kicheko. "Fundi viatu hana viatu! Fundi viatu hana viatu!" Nikakanyaga sinia, nikaweka mguu wangu, mkubwa kama kasia, karibu na ule mdogo.

"Sasa taulo!" akasema Mwalimu. "Kila mtoto na mfuko wake wa nguo kavu!"

Nikaganda. Mfuko! Mfuko wetu ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango. Chiriku naye akakumbuka, akanitazama, midomo inatetemeka kwa baridi. Nikageuka nikimbie nyumbani.

Nikaona mwavuli mweusi unakuja barabarani, taratibu, unakwepa vidimbwi. Chini yake alikuwa Mama yangu. Mama ambaye hatoki mvua ikinyesha, hata kwenda dukani. Kwapani alikuwa amebana ule mfuko, ameufunga ndani ya nailoni usiingie tone.

"Mmekimbia kama wehu," akasema, anahema. "Mtoto angekaa na nguo mbichi? Nesi alisemaje? Nguo kavu! Hamsikilizi!"

Akamvua Chiriku koti, akamfuta kichwa, akamvalisha gauni na sweta na soksi. Akamnawisha mikono kwa sabuni, akanawa na ya kwake. Kisha akafungua madirisha mawili ya darasa, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Chiriku alikunywa maziwa ya moto huku anaongea, na kikombe kilikuwa kinapiga meno yake kila neno.

Kabla hatujaondoka, nilimwona Mama amesimama mbele ya karatasi. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Alipodhani hakuna anayemwona, akavua ndara moja.

Utaniuliza, je, Chiriku aliugua? Nitakuambia bila kuficha. Mafua aliyapata. Aliyapata wiki tatu baadaye, siku ya jua kali, hakuna wingu. Aliyapata kutoka kwangu mimi, niliyepiga chafya mezani bila kuziba mdomo. Nesi alinicheka mpaka akakaa chini. Mafua yakapita baada ya siku nne.

Jiko letu sasa linakaa barazani. Mvua ikinyesha, tunafungua dirisha la upande usioingiza maji. Na Chiriku hakosi tena shule kwa sababu ya mvua.

Mgeni yeyote akifika chekechea siku hizi, Chiriku anamshika mkono, anampeleka mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Anaonyesha kwa kidole.

"Huu ni wangu. Huu wenye kidole kilichopinda ni wa bibi, alikanyaga kwa siri, usiseme. Na huu mkubwa mchafu ni wa baba yangu. Anashona viatu vya watu wote, lakini mvua ilipokuja kunichukua, alitoka peku."